Kutoka kwa pamoja: tunambana mkubwa au tunamwachia uwanja?

Mwanakikao: Wakuu, Aprili 16, 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani Tanzania, walitoka Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma, hawakurudi. Bunge likaendelea bila wao, na Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapita. Msimamo wangu: walikosea. Ukitoka umemwachia mwenzio kalamu. Makazini ni yale yale, mnatoka saa nne asubuhi, mkirudi barua za kujieleza ziko mezani.

Kokotoa: Kalamu waliiacha, sawa, ila hesabu umeiruka. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilitaka theluthi mbili ya wajumbe *wote* wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe *wote* wa Zanzibar, kila upande kivyake. Si theluthi mbili ya waliomo ukumbini. Kwa hiyo kiti kitupu kilikuwa na uzito ule ule wa kura ya hapana, na Zanzibar ndiko kulikokuwa na wasiwasi. Ndiyo maana kanuni zilibadilishwa ili walio nje ya ukumbi, hadi waliokuwa Hija, wapige kura huko huko waliko. Wangebaki, wangepiga hapana zile zile na juu yake kuupa mchakato heshima. Udhaifu ulikuwa mmoja: ukiwa nje huna sauti kanuni inapobadilishwa.

Linganisha na Bunge la kawaida, ambako akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni nusu ya wabunge wote. Chama tawala kikijaza nusu peke yake, hapo kutoka ni picha ya magazeti tu.

Mwanakikao: Lakini ilipita, mkuu.

Kokotoa: Ilipita bungeni. Kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, haijapigwa hadi leo. Kuahirishwa kwenyewe nisiwape UKAWA sifa, sababu ilikuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, mashine za alama za vidole, kutokamilika.

Katibu Tawi: Mnachanganya ukumbi na kiwanda. Huko Dodoma hakuna mwajiri wa kukupa barua. Kazini, kwa Tanzania Bara, kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 80. Kwanza mgogoro uwe wa maslahi, yaani mnadai kipya. Mshahara ambao mkataba umeshautaja haugomewi, unadaiwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro upelekwe CMA, siku 30 za usuluhishi ziishe bila muafaka. Kisha chama kipige kura kwa utaratibu wa katiba yake, wengi wa waliopiga waunge mkono. Mwisho, notisi ya saa 48 kwa mwajiri.

Panapoharibika sana ni kwenye kura. Watu wananyoosha mikono uani wakati katiba ya chama inataka karatasi, na mwajiri anakimbilia mahakamani kuomba zuio kabla saa 48 hazijaisha. Pa pili ni getini. Kifungu cha 76 kinakataza kusimama mlangoni na mabango, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia kuingia. Mwajiri naye, mgomo ukiwa halali, haruhusiwi kuleta watu wa kuziba nafasi zenu. Mshahara wa siku za mgomo msiudai, hamtapata.

Binti Kisauni: Kwetu Kenya kusimama nje na mabango ni haki, ibara ya 37 ya Katiba, na mgomo uko ibara ya 41. Notisi ni siku saba kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa Waziri, baada ya upatanishi kushindwa. Wafanyakazi wa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, walipotoka Septemba 11, 2024 kupinga mpango wa kampuni ya India, Adani, kuuendesha uwanja huo, safari zilikwama, na siku hiyo hiyo makubaliano ya kurejea kazini yakatiwa saini. Ila mpango wenyewe ulifutwa Novemba, baada ya mwenye Adani kushtakiwa Marekani.

Mwanakikao: Je, manesi na watu wa maji?

Katibu Tawi: Huduma muhimu, kifungu cha 77: maji na usafi, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji ndege. Hao hawagomi, isipokuwa wana mkataba wa hali bora, yaani wa chama na mwajiri, unaotaja huduma za chini zitakazoendelea, na kamati ya huduma muhimu imeuridhia. Mkataba huo unaandikwa wakati wa amani. Ukiuomba mgogoro umeshaanza, mwajiri hana sababu ya kusaini.

Na kama mnapinga sera, si mwajiri wenu, tumieni kifungu cha 85: taarifa kwa LESCO, baraza la taifa la kazi, uchumi na jamii, mngoje siku 30, halafu notisi ya siku 14.