Je, siku ya juma ya uchaguzi mkuu iandikwe katika sheria?

Mkazi wa Mbale:
Salamu kwenu nyote. Nikipitia tarehe za chaguzi zetu kuu hapa Uganda naona Alhamisi imejirudia mno: tarehe 9 Mei 1996, 23 Februari 2006, 18 Februari 2016, 14 Januari 2021 na 15 Januari 2026 zote ziliangukia siku hiyo, ilhali mwaka 2001 kura ilipigwa Jumatatu na mwaka 2011 Ijumaa. Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kipindi cha siku thelathini ambamo kura lazima ipigwe, lakini haitaji siku ya juma. Wenzetu wa Kenya waliiandika katika Katiba yao ya 2010, kwamba uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Je, nasi tufanye hivyo, au tuiachie Tume hiari yake? Naomba tujadili siku yenyewe, tuviache vyama na wagombea kando.

Mwalimu wa Kasese:
Ndugu wa Mbale, nimewahi kusimamia kituo cha kupigia kura, na kwa maoni yangu Alhamisi haikuja kwa bahati tu. Kura hufungwa saa kumi jioni, na waliokwisha kupanga foleni saa hiyo huruhusiwa kumaliza. Kisha masanduku humwagwa palepale, mara nyingi chini ya mti, na karatasi huinuliwa mojamoja mbele ya mawakala hadi giza linapoingia na mtu kutumwa akatafute taa. Tangu kura kufungwa, Tume ina saa 48 tu za kumtangaza mshindi wa urais. Ukianza kuhesabu Alhamisi jioni, saa hizo huisha Jumamosi jioni, wakati ofisi nyingi zimefungwa na barabara zina watu wachache, jambo ambalo nadhani vyombo vya usalama hulipenda. Huku kwetu, hata hivyo, Waadventista ni wengi, na Sabato yao huanza Ijumaa jua linapotua. Msimamizi Mwadventista hupiga kura Alhamisi bila shida, lakini ujumlishaji wa wilaya ukichelewa, hulazimika kuchagua kati ya fomu na ibada.

Mzee wa Bombo:
Mwalimu amegusa jambo ambalo sisi Waislamu tuliliona kura ilipopigwa Ijumaa, tarehe 18 Februari 2011. Hakuna aliyekatazwa kwenda msikitini, lakini kuacha foleni saa sita mchana, ukasali, kisha ukarudi kuanza nyuma kabisa, si jambo dogo kwa mtu wa umri wangu. Jumapili nayo ingewaletea Wakristo adha ileile, tena viwanja vya makanisa ni vituo vya kura katika vijiji vingi. Tanzania walipiga kura Jumapili mwaka 2010 na 2015, kisha mwaka 2020 wakahamia Jumatano. Ningeomba tu tusiige mtindo wa Ghana wa kushika tarehe badala ya siku: Desemba 7 yao ya mwaka 2024 iliangukia Jumamosi.

Mama Mfanyabiashara, Arua:
Shikamoo Mzee, na salamu kwako Mwalimu. Nimewasoma kwa makini, lakini naona mmemfikiria zaidi anayehesabu kura na anayesali kuliko anayesafiri. Wengi wanaofanya kazi Kampala wameandikishwa kijijini, na kura haipigwi penginepo isipokuwa kituo ambacho jina lako liko katika daftari lake. Kura ikiwa Alhamisi, mtu huyo huondoka Jumatano na kurudi Ijumaa, yaani siku tatu za riziki zimekwenda, na siku hizo mabasi hayana huruma katika nauli. Kijijini kwetu Alhamisi ndiyo siku ya gulio. Nyanya zilizochumwa Jumatano haziwezi kungoja matokeo. Wamarekani walipoweka Jumanne kwa sheria ya mwaka 1845, inasemekana walimfikiria mkulima aliyesali Jumapili, akasafiri Jumatatu kwa farasi, akapiga kura na kuwahi soko la Jumatano. Mimi napendekeza Jumatatu, kama ilivyokuwa tarehe 12 Machi 2001, ili msafiri atumie Jumamosi na Jumapili zake kufika nyumbani.

Mwalimu wa Kasese:
Mama, hoja ya msafiri naikubali, lakini kuna kikwazo katika Jumatatu. Vifaa vya kura havifiki vituoni asubuhi ileile kutoka Kampala. Hushushwa wilayani mapema, kisha hugawanywa na kusindikizwa na polisi hadi kata ndogo. Kwa kura ya Jumatatu, kazi hiyo yote ingefanyika Jumamosi na Jumapili, na malalamiko tuliyoyakimbia yangerudi kwa mlango wa nyuma. Jumanne ingetosha: msafiri aondoke Jumapili baada ya ibada, vifaa vigawanywe Jumatatu, na saa 48 ziishe Alhamisi saa kumi jioni, kukiwa bado na siku nzima kabla ya Sabato. Si jambo geni kwetu, kwani uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji wa tarehe 10 Julai 2018, ule wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, ulifanyika Jumanne.

Mama Mfanyabiashara, Arua:
Jumanne naikubali, Mwalimu, mradi matokeo yatakayotangazwa siku ya kazi yasifanywe sababu ya kutufungia maduka hadi Jumatatu inayofuata. Kuhusu kuiandika katika sheria, ningetaka iandikwe, kwa sababu gulio linaweza kusogezwa ikiwa tunajua mwaka mzima kabla, lakini si tunapoisikia ratiba wakati mbegu zimeshapandwa.

Mzee wa Bombo:
Marahaba, mwanangu. Iandikwe, na pamoja nayo iandikwe kwamba kura ya marudio ya urais nayo isiangukie Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili. Katiba imeipa muda wa siku thelathini baada ya matokeo, na hiyo nayo haikutajiwa siku.