Waifai baa zote, intaneti inachagua nani wa kumhudumia

ticha_hesabu

Habari za humu wakuu. Naomba msaada, nimefika mahali pa kuisemesha ruta kama mtu.

Nyumbani tuko sita na laini ya intaneti ni moja. Ruta kubwa, ile inayoingia waya wa faiba, iko sebuleni. Chumba cha nyuma, ninakofundishia hesabu kwa video, waifai ilikuwa haifiki. Kwa hiyo mwaka jana nilichukua ruta yetu ya zamani nikaifunga huko nyuma na kuivutia waya kutoka ile ya sebuleni. Jina la waifai ni lile lile, nywila ile ile, mtu anatembea na simu yake toka mbele hadi nyuma na haoni tofauti. Mwaka mzima haikuniletea maneno.

Sasa hii ni wiki ya pili. Simu ya mama inafungua kila kitu, yangu imekaa tu. Laptopu inaonyesha baa zote halafu inaandika hakuna intaneti. Nikizima ruta zote mbili na kuziwasha, nyumba nzima inapona. Baada ya saa moja au mbili zamu zimebadilika: mama hana, mimi ninayo. Jana nilikuwa katikati ya kueleza kipeuo cha pili nikaganda mdomo wazi, na wanafunzi hawakuiacha nafasi hiyo, wamepiga picha.

Mtoa huduma amepima laini na kusema ni nzima, na nadhani ni kweli, kwa kuwa hatukosi sote kwa wakati mmoja. Kompyuta ya mezani, ambayo haitumii hata waifai, iko kwenye waya pale sebuleni, imeshatoa mara mbili onyo kwamba anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, inagongana na ya kifaa kingine. Nilitaka niingie kwenye mipangilio ya ruta kwa 192.168.1.1 nijionee, lakini nywila yangu leo inakubali, kesho inakataa. Labda ni uchovu, nimeanza kusahau.

Nianzie wapi?

kasi_ya_umeme

Badilisha DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Kwisha habari.

nungunungu

Mimi nasema ni mwingiliano wa mawimbi. Ruta mbili karibu karibu, zote kwenye 2.4 GHz, zinapigiana kelele. Moja iweke chaneli 1, nyingine 6 au 11, hizo ndizo haziingiliani.

ticha_hesabu

@kasi_ya_umeme nimeweka, hakuna kilichobadilika. Laptopu ikikwama, nikibisha hodi kwa amri ya ping, 192.168.1.1 ya ruta inajibu vizuri, 8.8.8.8 iliyo nje kwenye intaneti haijibu. Nikiita kwa namba tupu inakataa, kwa hiyo sioni majina yanahusikaje.

@nungunungu chaneli nimebadilisha pia, ila hilo linaielezaje kompyuta iliyo kwenye waya?

bi_waya

Mwalimu, nywila hujaisahau. Unabisha hodi kwenye nyumba mbili zenye namba moja mlangoni.

Kukosa intaneti kwa zamu kunaweza kuwa na sababu kumi. Lakini nywila inayokubali leo na kukataa kesho, ukiiweka pamoja na lile onyo la anwani kugongana, mimi naona sababu moja tu: ruta zako zote mbili zinajiita 192.168.1.1 na zote mbili zinagawa anwani. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani hivyo. Inajipa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na DHCP imeshawashwa. Hiyo DHCP ndiyo inayokipa kila kifaa anwani yake, halafu inakiambia mlango wa kutokea nje ni upi na majina ya tovuti kayaulize kwa nani.

Sasa fuata simu moja inavyoingia. Inapaza sauti: nani atanipa anwani? Ruta zote mbili zinasikia, maana waya umezifanya mtandao mmoja, na simu kwa kawaida inachukua jibu lililowahi. Hapo ni bahati nasibu ya kwanza. Ikitaka kutoka nje inauliza tena: 192.168.1.1 ni nani hapa? Zinaitika mbili. Ikiikumbuka ya sebuleni, umepona. Ikiikumbuka ya nyuma, inapeleka mizigo yake kwa ruta isiyo na laini ya intaneti, na mizigo inaishia hapo. Ndiyo maana ping ya karibu inajibiwa na ya mbali haijibiwi. Tena kila ruta inagawa namba bila kujua mwenzake ametoa zipi, kwa hiyo siku moja vifaa viwili vitapewa namba moja, na kompyuta yako ya mezani imeshakuambia hivyo mara mbili.

Baa za waifai usizitazame kabisa. Zinapima redio kati ya simu na ruta iliyo karibu, basi. Ruta isiyo na intaneti nayo ina baa nne nzuri tu.

Usibadilishe kitu kabla ya kuthibitisha. Laptopu ikikwama tena, fungua dirisha la amri uandike arp -a. Kwenye mstari wa 192.168.1.1 utaona anwani ya kifaa chenyewe, tarakimu na herufi 12. Geuza kila ruta usome kibandiko chake cha chini, uone ni ipi inayokujibu. Herufi ya mwisho ikipishana kidogo usishtuke, ruta moja huwa na anwani kadhaa zinazofuatana. Kisha chomoa waya unaounganisha ruta hizo mbili, mkae nusu siku na ya sebuleni peke yake.

Na swali: mwaka jana ulipoifunga hiyo ya nyuma, uliizima DHCP? Kama uliizima, nani ameigusa?

ticha_hesabu

Bi Waya, nimesoma jibu lako nimesimama.

Laptopu ilikwama saa mbili usiku nikiwa sebuleni, hatua tatu kutoka ruta kubwa. arp -a ikanionyesha anwani ya kibandiko cha ruta ya NYUMA, isipokuwa herufi ya mwisho. Yaani nimekaa mlangoni, lakini natokea dirisha la nyuma. Asubuhi nikachomoa waya, hadi sasa saa tisa mchana hakuna aliyelalamika, ila chumba cha nyuma ndiyo hakina kitu.

DHCP niliizima. Ninalo daftari, nimeandika kwa mkono wangu: "ya nyuma 192.168.1.2, DHCP imezimwa." Nikaita kikao cha familia. Mdogo wangu akaanza kutazama dari. Wiki mbili zilizopita aliona intaneti ya nyuma nzito, akachukua sindano, akabonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta, cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, hadi taa zote zikazimika. Ilipowaka, jina la waifai likawa la kiwandani. Akaingiwa na hofu, akafuata maelekezo ya skrini, akarudisha jina letu na nywila yetu, akaweka nywila yake ya kuingilia mipangilio, akanyamaza. Kwa macho kila kitu kilikuwa kama zamani. Hata yeye aliamini ameimaliza kazi.

bi_waya

Mwambie asingerudisha jina ungeligundua siku hiyo hiyo.

Irekebishe ikiwa imechomolewa kutoka ile kubwa. Laptopu kwa waya kwenye ruta ya nyuma, waifai ya laptopu izimwe. Badilisha anwani kwanza iwe 192.168.1.2, ukurasa utakupotea, uufungue tena kwa anwani hiyo mpya. DHCP izime mwisho kabisa. Kisha urudishe waya, na uingie kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya ndani. Lile la WAN, la kupokelea intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi yake, liache wazi. Hakikisha pia ruta kubwa haigawi namba 2 kwa vifaa vingine.

ticha_hesabu

Nilianza na DHCP. Najua, najua. Baada ya hapo nikaja kubadilisha anwani, ruta ikajizima na kujiwasha, na sasa laptopu ina anwani 169.254 na kitu, hata 192.168.1.2 haifunguki. Nimejifungia nje?

bi_waya

Hujajifungia. Laptopu imeomba anwani, hakuna wa kuitoa, ikajipa yenyewe. Ukiona 169.254 mwanzoni, ndiyo maana yake kila mara. Ipe mwenyewe kwa mkono: 192.168.1.50, na barakoa ya mtandao 255.255.255.0. Sehemu ya mlango wa kutokea iache tupu. Utaingia. Ukimaliza, rudisha laptopu kwenye kupokea anwani yenyewe, la sivyo utasahau na tutakutana hapa tena mwezi ujao.

nungunungu

Samahani kuingilia kati. Kwa nini asichomeke tu kwenye WAN ya ile ya nyuma? Si ndiyo tundu la intaneti?

bi_waya

Inawezekana, na wengi wanafanya. Ila hapo ruta ya nyuma inakuwa na mtandao wake nyuma ya mtandao, na lazima utumie namba tofauti, mfano 192.168.2.1. Ukiacha 192.168.1 pande zote mbili, ruta haijui mzigo wa 192.168.1 uende ndani au nje. Kuvinjari kutaenda vizuri. Lakini simu iliyo sebuleni haitaiona printa iliyo nyuma, michezo ya mtandaoni nayo huanza kulalamika kwa kuwa anwani inatafsiriwa mara mbili njiani. Kwa mtu anayetaka nyumba nzima iwe mtandao mmoja, LAN kwa LAN.

Wazo lako la chaneli lilikuwa zuri, lifanyie kazi hata hivyo. Halikuwa tu tatizo la leo.

ticha_hesabu

Nimeingia kwa 192.168.1.50 kama ulivyosema. Nilikuta 192.168.1.2 imeshakaa na DHCP imezimwa, kumbe kazi yote ilikuwa imefanyika na mimi niko nje ya mlango nalia. Ruta kubwa inagawa kuanzia 100, kwa hiyo namba 2 iko salama. Waya nimeurudisha jana jioni, kwenye LAN.

Simu mbili ziliendelea kusumbua hadi nilipozima waifai yake na kuiwasha, nadhani zilikuwa zimeng'ang'ania anwani walizopewa na ruta ya nyuma. Printa ndiyo ilikuwa kaidi kuliko wote, kompyuta inaitafuta kwenye namba ya zamani na yenyewe imeshahama. Nimeitengea namba yake ndani ya ruta kubwa, 192.168.1.120, isihamehame tena.

Leo nimefundisha saa mbili mfululizo. Kile kitundu nimekiziba kwa utepe, na nywila ya mdogo wangu, ambayo ilikuwa 12345678, nimeibadilisha.

kasi_ya_umeme

DNS yangu umeiacha lakini?

ticha_hesabu

Nimeiondoa.