Eti "alistaafu Ijumaa, Jumatatu akapewa ofisi"! Huyu mchambuzi atatuua

Wakuu, yule wa miwani mnamjua, sina haja ya kumtaja. Jana kakaa hewani anamchambua Mike Grier wa San Jose Sharks, meneja mkuu wa kwanza mweusi NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini. Akasema "alistaafu Ijumaa, Jumatatu akapewa ofisi". Jumatatu! Mechi yake ya mwisho kama mchezaji 2011, ofisi ya meneja Julai 2022. Wikiendi ya miaka 11, hata foleni ya Kimara haifiki huko.

Mgao wa chipukizi wa 1993, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, alichaguliwa wa 219, makombo kabisa. Akacheza mechi 1,060. Kisha skauti Chicago Blackhawks, kocha msaidizi New Jersey Devils, mshauri New York Rangers, ndipo San Jose. Hiyo Jumatatu iko kalenda gani?

Mtu wa Kaunta: Punguza povu mkuu, simu itaungua. Mbona Novemba 2023 timu yake ilikula kichapo cha 10-1, mechi iliyofuata 10-2? Nayo ilikuwa Jumatatu?

Mleta uzi: Alikuta mikataba mizito. Ligi ina ukomo wa mishahara, kwa hiyo kumtoa beki Erik Karlsson kwenda timu nyingine ilibidi Sharks wabaki wamebeba dola milioni 1.5 za mshahara wake kila msimu. Na timu inaruhusiwa kubeba hivyo mishahara ya wachezaji watatu tu waliohama kwa wakati mmoja. Burns, Karlsson, Hertl: nafasi zikajaa. Wakongwe wakaondoka, 2023-24 wakashika mkia na pointi 47, bahati nasibu ya mgao wa chipukizi ikawapa nafasi ya asilimia 25.5 ya kuchagua wa kwanza, ikawaangukia, wakambeba kinda Celebrini. Yote hayo JUMATATU!

Bi Chokochoko: Grier, Grier. Angela James je? Aliingia ukumbi wa mashujaa wa hoki 2010, akawa meneja mkuu wa timu ya wanawake Toronto Six, kombe 2023. Hakuna aliyemfungulia uzi. Wanaume mna shida.

Kibao Kata: Na Willie O'Ree, mchezaji wa kwanza mweusi NHL, Boston Bruins 1958, jicho la kulia karibu halioni kitu? Siku hizi vijana wanadhani hoki imeanza na simu janja.

Wa Mombasa Road: Uzi mzima hamjataja Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Nairobi! Barafu ya hoteli ya Panari wanapofanyia mazoezi ni ndogo, uwanja wa NHL ni futi 200 kwa 85. Ukizoea pale, ukipelekwa uwanja kamili pumzi inakata kipindi cha kwanza.

Mtu wa Kaunta: Viatu vya kukodi wanavyo, au unakuja na vyako?

Wa Mombasa Road: Njoo inbox.