Piloti kijana na moteri ya turbo: mguu wa kulia ufanye nini?

Volani_Kamalondo (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Piloti kijana aliyezoea gari lisilo na turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa moteri ili kusukumia moteri hewa zaidi) akipewa gari la Grand Prix (Formula 1) la miaka ya 1980 kwa siku moja ya majaribio, mara nyingi hulizungusha wakati wa kutoka kwenye kona, si wakati wa kuingia. Kwa nini pale? Afanye nini asiliharibu? Halafu wengi husema turbo haijali mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Ni kweli?

Fundi_Birere (Goma)
Karibu, mdogo wangu. Moteri hizo zilikuwa za lita 1.5, na zisizo na turbo ziliruhusiwa lita 3. Turbo ikiwa imelala, lita 1.5 ni moteri dhaifu tu. Moshi ukishatosha kuizungusha turbini, ambayo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, nguvu hupanda ghafla. Kati ya mguu na nguvu kuna kuchelewa. Kijana anakanyaga mafuta katikati ya kona, hasikii kitu, anaongeza mguu. Nguvu inamkuta volani bado imekunjwa, na tairi za nyuma zinaachia.

Kwa hiyo amalize freni mapema, gari likiwa limenyooka, kisha aanze kukanyaga kidogo kidogo kabla hajafika ndani kabisa ya kona. Nguvu ifike wakati volani inanyooka. Kona ikiwa nzito, vitesi ya juu zaidi hupunguza ukali, ila moteri isishuke chini ya mizunguko inayoamsha turbo. Wako wanaoshika freni kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiacha mafuta kidogo ili turbini isilale. Inafaa, lakini hupasha freni moto na hula mafuta. Siku ya kwanza asijaribu.

Kuhusu siku yenyewe, kiti kwanza! Mabega yakicheza, anajishikilia kwa volani, na mguu hauwezi kuwa mwepesi. Kitufe cha shinikizo la hewa ya turbo kiwekwe chini. Raundi ya kwanza ni ya ukaguzi: atoke, arudi moja kwa moja, wafundi waangalie uvujaji na vibanio vya mabomba kati ya turbo, kipoza hewa na moteri. Baada ya hapo raundi 3 hadi 5 kila mara, na shinikizo lipande hatua kwa hatua. Mafuta ya moteri yafike digrii 80 kabla ya kuipa mzigo.

Kinachoua turbo zaidi ni kuzima moteri ikiwa moto. Upande wa moshi unakaribia digrii 1,000. Ukizima ghafla, mafuta ya moteri yanasimama kwenye beringi za turbo na kuungua, yanaacha kaa gumu, na safari inayofuata mhimili unakwaruzika. Raundi ya mwisho iwe ya polepole, kisha ralanti (gari limesimama, moteri inazunguka polepole) dakika moja au mbili ndipo azime.

Nguba_Turbo (Bukavu)
Yaya Fundi amesema vizuri. La mwinuko ni nusu kweli. Kwenye mita 1,500, kama hapa kwetu au Goma, hewa ina shinikizo la 0.85 bar hivi. Moteri isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Ya turbo inaweza kufikishwa shinikizo lilelile la pwani, 2.5 bar, lakini kule turbo inazidisha hewa mara 2.5, huku inabidi karibu mara 3. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na kuchelewa kunaongezeka. Nguvu unaipata, gharama unailipa.

Kyalami, uwanja wa mbio wa Afrika Kusini, uko karibu kwenye mwinuko huohuo. Piloti Mfaransa Jean-Pierre Jabouille alipata nafasi ya mbele kabisa ya kuanzia mbio pale mwaka 1979 na Renault, mara ya kwanza kwa gari la turbo. Mwaka 1984 piloti kijana wa Brazili, Ayrton Senna, aliyejaribu magari kadhaa mwaka uliotangulia, alianza Rio na gari la Toleman lenye moteri ya turbo ya Hart, turbo ikamwangusha raundi ya 8. Shindano lililofuata, Kyalami, akamaliza wa 6 na kupata pointi yake ya kwanza.

Volani_Kamalondo (Lubumbashi)
Aksanti sana wakubwa. Magari ya leo bado yana kuchelewa huko? Na piloti anajuaje turbo inakufa?

Nguba_Turbo (Bukavu)
Kuanzia 2014, moteri za lita 1.6 zilikuwa na mota ya umeme kwenye mhimili wa turbo, inaizungusha kabla moshi haujafika. Kuchelewa kukakaribia kwisha. Sheria za 2026 zimeiondoa, kwa hiyo mguu una kazi tena.

Fundi_Birere (Goma)
Dalili: moshi wa bluu maana yake mafuta ya moteri yanapita kwenye mhimili wa turbo. Nguvu ikipotea ghafla bila moshi wa bluu, angalia bomba lililochomoka kabla hujaigusa turbo. Mlio mkali unaopanda kama king'ora: mabapa ya turbo yanagusa nyumba yake, azime palepale, asijaribu kufika garaji. Ni vilevile kwa dizeli za turbo za huku. Vumbi la lava likipita chujio lililochanika, hula ncha za mabapa upande wa hewa. Toa bomba la kuingilia, upapase ncha kwa kidole moteri ikiwa imezimwa na imepoa.