Mtoto mwenye baridi yabisi na kipimo cha vitamini D: kiwe lazima?

Mama Shani: Wadau, binti yangu wa miaka 9 ana baridi yabisi ya watoto. Tulizungushwa miezi saba, mara malaria, mara "anakua huyo". Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati la shule, vidole vimekakamaa mpaka saa nne. Daktari kataka apimwe vitamini D, bima imegoma, si kipimo cha lazima. Kwa watoto kama hawa kisiwe lazima kwa nini?

Mtaa wa Tano: Dada, vitamini D iko juu pale, haina bili. Shida ni watoto wa geti kali: basi la shule, katuni, kulala. Sisi tulicheza chandimu juani mpaka magharibi. Nani aliumwa magoti?

Mama Shani: Geti kali gani? Nimepanga vyumba viwili Mbagala, choo tunashirikiana nyumba nzima. Mwanangu alikuwa anaruka kamba mpaka siku goti lilipovimba kama embe. Usiniambie nimemfungia.

Nesi wa Zamu: Mtaa, kaka yangu, jua peke yake halimalizi hoja. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani. Kioo cha basi kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini. Na kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, unapata kidogo sana, kwa hiyo jua la saa moja asubuhi tunalowaotesha vichanga si la kutegemea. Mtoto wa viungo naye anakaa ndani kwa maumivu, na wengine wanatumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayodhoofisha mifupa. Mimi nasema apimwe.

Mtaa wa Tano: Yaani bibi zetu walikosea? Bibi yangu kalea watoto 11 kwa jua la asubuhi, hakuna hata mmoja mwenye matege. Heshimuni wazee.

Binti Kilwa: Umeuliza nani aliumwa magoti. Mjomba wangu. Lilianza akiwa darasa la tatu, wakasema karogwa, akafichwa chumba cha uani. Wewe ulikuwa kwenye chandimu, utamwona wapi?

Mpemba wa Oslo: Huku Norway watoto wanywa mafuta ya samaki, jua la kipupwe halitoshi. Na maradhi haya kwa watoto wa huku ni mengi. Si ushahidi huo? Dada, mpe vidonge vya 50,000 kila siku, utaona.

Nesi wa Zamu: Hapana! Tafadhali usimpe. Mtoto wa umri huo mahitaji yake ni yuniti 600 kwa siku, na bila usimamizi wa daktari asizidi 4,000. Ikizidi, kalisiamu inapanda kwenye damu, mtoto anatapika, figo zinaumia. Na kiwango kuwa chini hakithibitishi kuwa ndiyo sababu ya ugonjwa. Uvimbe wenyewe unaweza kukishusha, na watoto wengi wasio na ugonjwa huu nao wako chini. Tunajaza upungufu kwa ajili ya mifupa. Vitamini haichukui nafasi ya methotreksati, ile dawa ya kila wiki ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Macho pia yakaguliwe kliniki, ugonjwa huu unaweza kuyashambulia kimyakimya.

Mpemba wa Oslo: Mie nilisoma mahali, sikukusudia shari.

Mtaa wa Tano: Binti Kilwa, habari ya mjomba imeniuma, pole. Lakini la bibi yangu silirudishi. Mnawadharau sana wazee humu.

Binti Kilwa: Hakuna aliyemtaja bibi yako kabla hujamleta mwenyewe.

Mama Shani: Nimekopa kwenye kikoba, kesho anatolewa damu. Dawa yake ya kila Ijumaa siachi, leo nimemsagia dagaa kwenye mchuzi amekula sahani nzima. Bima wakinigomea tena narudi na barua ya daktari. Mtaa wa Tano, lile la geti kali bado hujaniomba radhi.