Meza ya bibi ya kushonea na kuandikia: fundi anataka kuipiga msasa, nimruhusu?

BintiNgamiani:
Wanajamvi, salaam. Wakubwa shikamooni. Niko Tanga mjini, naomba ushauri kabla ya Jumamosi maana fundi ameshaahidi kuja.

Bibi mzaa mama ametuachia meza ndogo ya kike, ya zamani sana. Kifuniko chake ukikiinua kinasimama mshazari, ndipo pa kuandikia, na kimebandikwa ngozi ya kijani iliyochubuka. Chini yake kuna mtoto wa meza mwenye vijumba vijumba: kimoja bado kina subana yake, kingine kina doa jeusi pale kilipokaa kidau cha wino. Chini kabisa palining'inia mfuko wa hariri wa kuwekea vitambaa, umebaki nyuzi tu. Bibi alishonea kofia hapo, na barua za dada yake wa Pangani alizijibia hapo hapo, kwa herufi za Kiarabu.

Mama anasema ilikuwa ya Mjerumani, mama yake bibi akapewa alipokuwa yaya kwenye shamba la mkonge Muheza. Mjomba anakataa, anasema ilinunuliwa mnadani. Sasa ubao mwembamba wa juu umebanduka pembeni. Fundi anataka aung'oe wote, kisha msasa na vanishi. Kaka naye ameshapata mnunuzi. Nifanyeje?

FundiMbao:
Dada, mzuie huyo fundi leo hii. Huo ubao wa juu ni vinia, mwembamba mno, msasa wa mashine unautoboa mara moja. Halafu ile rangi iliyokolea kwa miaka ikiondoka hairudi. Kilichokufa ni gundi tu. Zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, na unyevu wetu wa pwani huilegeza. Tafuta fundi atakayepaka gundi ya aina hiyo ikiwa ya moto, aweke karatasi juu, abane kwa jiriwa usiku kucha. Usiifute kwa spiriti, huenda rangi yake ni shelaki, yaani vanishi ya zamani, itayeyuka. Kitambaa kikavu kinatosha. Na ukiona vitundu vinatoa unga mpya, wadudu bado wamo.

MzeeRaskazone:
Mwanangu, pole kwa msiba. Meza za namna hiyo zilitengenezwa Uingereza na Ujerumani pia, tangu mwisho wa miaka ya 1700. Kwa hiyo umbo pekee halimalizi ubishi wa mama na mjomba. Waingereza waliiteka Tanga 1916, na baada ya vita mashamba ya Wajerumani yakapigwa mnada, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Toa mtoto wa meza, umulike kitasa kwa tochi. Angalia pia meno yanayoumana pembeni: yakipishana ukubwa, yamekatwa kwa mkono.

MamaSalha:
Shoga, mnunuzi asubiri. Hiyo ni mirathi, kaka hawezi kuuza peke yake. Wasomeeni warithi wote orodha kwanza.

BintiNgamiani:
Ahsanteni sana. Fundi nimemwambia asije. Kitasa kimeandikwa LEVER na PATENT, na meno hayalingani hata kidogo.

MzeeRaskazone:
Hayo ni maneno ya vitasa vya Kiingereza. Hakikisha tu hakijabadilishwa: ukikuta matundu ya misumari ya zamani yasiyotumika pembeni yake, kimewekwa baadaye.

BintiNgamiani:
Hakuna matundu mengine, mzee. Nimemuuliza mama upya, akakumbuka kuwa bibi alimtaja yule mwajiri kwa jina la "memsahib". Ndivyo walivyoitwa mabibi wa Kiingereza; Mjerumani hangeitwa hivyo, nadhani. Kaka amekubali tusiuze mpaka tukae na mjomba, na barua za Pangani nimezipata kwa binamu. Nani hapa anasoma vizuri herufi za Kiarabu kwa Kiswahili cha zamani? Tukutane pale Makumbusho ya Urithi, nitazileta.

MamaSalha:
Baba yangu anasoma. Niandikie faragha.