Tai mla nyoka niliyemwona Langkawi ni yupi?

Mwana wa Wete: Assalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Wete, nasoma Penang, Malaysia. Juzi tulivuka kwenda Langkawi, tukapanda mashua kuingia mikokoni, Kilim. Mikoko kama ya kwetu Pemba, hata tope lina harufu ile ile. Watalii wote kamera zao kwa wale ndege wa rangi ya kutu wenye kichwa cheupe, wanaorushiwa ngozi za kuku. Mie hao hawakunishughulisha, wameshakuwa kama paka wa soko la samaki.

Niliyemwangalia alikuwa peke yake kwenye tawi kavu, ukingoni mwa msitu. Kahawia iliyokoza, tumboni madoa meupe kama punje za mchele. Karibu robo saa hakutikisika, kichwa tu kikigeuka. Mara akajiachia hadi chini. Aliporudi tawini, mkia wa nyoka ulimning'inia mdomoni kama tambi, akammeza mzima! Nahodha kasema "helang" basi, na hilo kwa Kimalei ni tai yeyote. Nani anamjua?

Mtembezaji wa Jozani: Wa alaykum salaam. Niambie kwanza: miguu ilikuwa mitupu au ina manyoya? Na usoni?

Mwana wa Wete: Mitupu, ya njano, ina magamba. Uso njano toka mdomoni hadi machoni. Kisogoni ana kishungi cheusi na cheupe. Alipochokozwa na kunguru kikatanuka kama pepeo la jikoni.

Mtembezaji wa Jozani: Basi huyo, kwa jina la kisayansi, ni Spilornis cheela. Kuna tai wengine wa misitu hiyo nao wana kishungi, lakini miguu yao imevaa manyoya mpaka vidoleni, kama suruali. Wako yeye yuko toka India na Sri Lanka hadi Indonesia. Magamba hayo manene ndiyo ngao yake nyoka akigeuka kumuuma. Ukirudi, nenda kwenye saa nne asubuhi, jua likishashika. Hupanda juu akizunguka na kupiga mluzi, utamsikia kabla hujamwona. Tazama chini ya bawa: utepe mmoja mpana, mweupe, karibu na ukingo wa nyuma.

Bi Mkubwa wa Konde: Mwanangu, mlete huku. Nyoka wamenimalizia vifaranga.

Mwana wa Wete: Shikamoo bibi. Huyu hula na mijusi. Nikimleta, hao mbu atawala nani?